Kimya Nilichokikata

Baba,

Una miezi saba sasa pale nyuma ya migomba, na bado nakusikia ukivuta pumzi. Sizungumzii ndoto. Nakusikia mchana, macho yangu wazi, nikiwa nimeketi kwenye meza ya sebuleni na hedifoni masikioni. Unavuta pumzi, unakohoa kidogo, kiti kinalia chini yako, halafu unanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakonitia baridi. Unanyamaza kama mtu anayejua kwamba mwenzake atajibu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha. Nyumbani tulisema Ekegusii, lakini nilipokuwa shule ya bweni kila barua yako ilikuja kwa Kiswahili, mwandiko umelalia upande mmoja, na chini kabisa, "Wako mzazi, mwenye afya." Ulisema kuna mambo ambayo mdomo wa nyumbani unaona haya kuyasema. Hili ni mojawapo.

Nianze na vile vyombo. Unakumbuka siku nilipokuja navyo kutoka Kisii? Nilikuwa nimezunguka mjini asubuhi nzima nikiulizia vifaa vya kurekodia gitaa, na kila duka lilitaka kuniuzia spika kubwa za harusi. Aliyeniketisha ni Mama Zainabu, mwenye duka la vifaa vya stima karibu na msikiti. Hukumjua, lakini ungempenda. Aliniuliza, "Unataka kufungua studio, au unataka kumsikia mtu?" Nikamwambia nataka kurekodi gitaa langu na la baba yangu, nyumbani kwetu, nje kidogo ya Nyamache.

"Basi usianze na vingi, mwanangu," akasema. "Laptopu unayo? Haya. Chukua maiki moja nzuri na kistendi chake, hii intafesi ya kuipokea sauti, na hedifoni za kufunika sikio lote. Vingine utaletewa na tamaa."

Hiyo intafesi wewe uliigeuza mikononi mara mbili tatu, kisanduku kidogo kama kitabu cha nyimbo. Nikakuonyesha: huku unachomeka maiki, huku unaunganisha na laptopu, na hiki kitufe cha kuzungusha ndicho kinachoamua mashine isikie kwa nguvu gani. Ukauliza, "Hiki ndicho kitakachonikumbuka?" Mama akakujibu kutoka jikoni, "Usiseme hivyo ndani ya nyumba."

Wiki za kwanza nilikosea kila kitu. Nilielekeza maiki kwenye tundu la gitaa, nikadhani sauti hutokea hapo, ikawa inavuma kama mtu anayepiga pipa. Wewe hukuwahi kushika vyombo hivyo maishani mwako, lakini uliniambia niendelee kupiga, ukainama, ukaleta sikio lako mbele ya gitaa, ukalitembeza polepole mpaka pale shingo inapokutana na tumbo. "Hapa," ukasema. "Weka hapa sikio lako la chuma." Na kweli pakawa ndipo.

Halafu kukawa na lile jambo la kuchelewa. Nilipovaa hedifoni, kila nilichopiga kilinirudia nyuma kidogo, kama kuna mtu chumba cha pili anayeniiga. Nilizivua nikageuka kuangalia mlango. Ulicheka mpaka ukakohoa. Mama Zainabu alinielekeza kwa simu kipimo cha kupunguza ndani ya programu, na yule mtu wa nyuma akatoweka. Mimi nilifurahi. Wewe ulisikitika. "Ungemwacha," ulisema. "Gitaa moja ni upweke."

Nilikusikia, Baba, lakini sikukusikiliza.

Tulichagua Jumapili asubuhi, kwa sababu alasiri mvua ya kwetu ikishuka juu ya mabati hata kuzungumza huwezi. Nilitundika blanketi dirishani na kwenye ukuta wa nyuma yako ili sauti isirukeruke. Kuku tukawafungia. Ukavaa koti, mtu anayekaa peke yake sebuleni mwake amevaa koti la kanisani, ukapiga nyimbo tatu.

Mbili za kwanza zilikuwa za kitabuni, zile ulizonifundishia gitaa. Sikupata ujasiri wa kukuambia kwamba zimeharibika. Nilikuwa nimefungua kile kitufe kupita kiasi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima na mimi nilikuwa naangalia vidole vyako. Zimepasuka. Zinakwaruza toka mwanzo hadi mwisho. Nisamehe.

Wa tatu ndio uliopona. Sikuwa nimeusikia kamwe. Haukuwa wa kanisa. Ulikuwa unakimbia, unacheka, vidole vyako vikawa vya kijana. Kisha ukanyamaza. Mguu wako ukaendelea kupiga sakafu, moja, mbili, tatu, nne, hesabu hiyo ikarudi mara mbili, ndipo vidole vikaendelea. Mara tatu ulifanya hivyo. Mkono wako wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka mwaka ule, nami nikajua umesahau. Ulipomaliza nikasema, "Wimbo mzuri, Baba, lakini unanyamaza katikati. Turudie."

Ukalaza gitaa mapajani. "Hapana. Hapo si pangu. Acha hivyo hivyo."

Nilikusahihisha kama ninavyosahihisha watoto wa darasa langu la chekechea. Sikuuliza, kama hapo si pako, ni pa nani.

Wiki tatu hazikuisha. Ulisema unakwenda kumfunga ng'ombe, ukaketi kwenye ngazi ya mlango kwanza, kama mtu anayevaa viatu. Tulipokuita hukuitika. Chai yako ilikuwa bado moto mezani.

Siku moja kabla ya mazishi, shangazi zangu walitaka kitu cha kukukumbuka nacho kipigwe uwanjani. Nikafungua laptopu. Nikaona aibu kwa ajili yako, watu wote wale wasikie ukisahau. Basi nikavikata vile vipande vitatu vya kimya. Nikaunganisha ncha na ncha vizuri, mpaka mimi mwenyewe sikuweza kujua ni wapi. Hata nilijivunia, Baba. Katikati ya msiba ule nilijivunia mikono yangu.

Wimbo ulipigwa, watu wakalia. Kwenye ua alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya kahawia, simjui. Ulipoisha alinijia moja kwa moja bila kumsalimu mtu.

"Wewe ndiye Kwamboka?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani amekata nafasi yangu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, "Nani amekata nafasi yangu kwenye huo wimbo?"

Nikamwambia ni mimi, kwamba niliondoa sehemu ambazo Baba alikuwa amesahau. "Hakusahau," akasema, akaondoka bila kula.

Nilimuuliza Mama. "Huyo ni Mokua wa Marani," alisema. "Walikuwa wanapiga gitaa pamoja na baba yako wakati hujaanza shule." Kisha akageuka kuwapokea wageni wengine, na ikawa imetosha. Zaidi ya miaka ishirini, na jina la mtu aliyepiga gitaa kando yako sikuwahi kulisikia chini ya paa lako.

Miezi miwili sikuigusa laptopu. Ilikuwa pale chini ya kitambaa, nami nilipita mbali nayo. Ndipo alasiri moja, ukungu umeshuka kwenye mashamba ya chai mpaka mlangoni, nikajikuta nimeketi nimeshaifungua. Mama Zainabu aliwahi kuniambia kwamba programu hii haitupi unachokata, inakificha tu. Unashika ukingo wa kipande, unauvuta, na kilichofichwa kinarudi. Nikavuta.

Cha kwanza kilirudi na mguu wako sakafuni na pumzi. Cha pili, mguu, pumzi, na ng'ombe kwa mbali. Kwenye cha tatu mguu ulisimama. Kiti kikalia. Halafu ukasema jina la mtu, chini kabisa, karibu na kutosema.

"Nyaboke."

Siku ile tulipokuwa tunarekodi nilikuwa umbali wa hatua mbili na sikulisikia. Sikio la chuma ndilo lililosikia.

Mama si Nyaboke. Hatuna shangazi Nyaboke, hatuna jirani. Nilirudia mpaka masikio yakauma. Kisha jina likaanza kunifuata bila mashine. Nikimimina chai, pumzi, halafu Nyaboke. Nikiwa kati ya mistari ya michai nikichuma, mikono imelowa, pumzi ile nyuma ya sikio la kushoto, halafu Nyaboke. Darasani kwangu kuna mtoto wa jina hilo, na asubuhi nikisoma majina nililiruka, nikamwita kwa jina lake la pili, yeye akashangaa kwa nini mwalimu amemsahau.

Nitasema ukweli, kwa sababu barua hii haina faida nyingine. Wiki nzima nilikuchukia. Nilimtazama Mama akisugua sufuria kwa mikono yake ile, nikasema moyoni, mtu alikuwa na mwanamke, na jina lake ndilo alilomwachia mtoto wake alitunze.

Mwishowe nilimuuliza. Alikuwa anachambua mboga, na hakuinua uso.

"Zima kwanza hiyo mashine," alisema.

Baba, mashine ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Mama akamaliza tawi alilokuwa nalo, akashika lingine. "Mambo ya Nyaboke kamuulize Mokua. Mimi nimenyamaza miaka yote hiyo, sitaanza leo."

Nilikwenda Marani na laptopu ndani ya mkoba wa shule. Nilimkuta akipasua kuni mbele ya nyumba. Alinitambua, lakini shoka hakuliweka chini.

"Mimi sina maneno na nyumba yenu."

"Sikuja na maneno, mzee. Nimekuja na nafasi yako. Nimeirudisha."

Akaliweka shoka chini. Kisha akaketi juu ya gogo, akavua kofia, nikamvalisha hedifoni. Kwenye kimya cha kwanza vidole vyake vya kushoto vilitembea juu ya goti. Kwenye cha pili, hivyo hivyo. Kwenye cha tatu alifumba macho. Najua ni lini hasa alisikia, kwa sababu vidole vilisimama vyote pamoja. Alizivua zile hedifoni, akazishika mapajani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga.

Nyaboke alikuwa mke wake.

Akanieleza, na nakuandikia kama alivyosema ili ujue nimeambiwa. Wimbo ule ni wa Nyaboke. Mliutunga ninyi wawili wiki aliyoletwa kama bibi harusi: gitaa lako linauliza, la Mokua linajibu. Miaka ikapita, Nyaboke akafariki. Mokua akakutumia ujumbe uje na gitaa, mmpigie wimbo wake kaburini. Mazishi yakaangukia Jumamosi. Mwaka ule ndipo ulipobatizwa kwa Wasabato, na Jumamosi ilikuwa Sabato, siku ambayo wimbo usio wa kanisa haupigwi.

"Si kwamba hakuja," mzee aliniambia. "Angekuwa hakuja ningemsamehe. Alikuja. Alisimama pale kwenye ua, suti, Biblia mkononi, akaimba za kanisa na wengine. Gitaa aliliacha nyumbani. Basi mimi nikapiga upande wangu, peke yangu. Wewe unapiga gitaa. Unajua ni nini kupiga majibu tu, na hakuna anayekuuliza?"

Nikasema sijui.

"Watu walidhani nimechanganyikiwa. Tangu siku hiyo sikumsalimu tena."

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi lako. Nilikuwa na aibu ya kukushuku, na chini yake kulikuwa na hasira mpya ambayo sikuitarajia. Ungetembea tu hadi Marani, Baba. Ulikuwa na miguu miaka yote hiyo.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, Mokua alikuja baada ya misa ya kanisani kwao, gitaa limefungwa kwenye shuka. Nyuzi zilikuwa na kutu, zinaacha rangi kwenye vidole. Nilikuwa nimenunua nyingine kwa Mama Zainabu, tukazibadilisha pamoja. Nikatundika blanketi. Nikaweka maiki pale ulipoonyesha. Nikamvalisha hedifoni ili gitaa lako lisivujie kwenye maiki yake, na nikamuuliza mlikuwa mnakaaje zamani. Akasema wewe daima kushoto. Nikakuweka sikio la kushoto. Safari hii nililinda taa kabla ya vidole, ikabaki kijani.

Ulipovuta pumzi ya kwanza, alishtuka akaangalia bega lake. "Yuko hapa," akasema. "Anapumua vile vile." Mimi sikuwa na hedifoni, kwangu chumba kilikuwa kimya kabisa, nikamwona mzee akitikisa kichwa kumwafiki mtu nisiyemsikia.

Mara ya kwanza alichelewa kuingia. Mara ya pili akawahi mno, akajitukana. Mara ya tatu aliingia. Baadaye niliwasikiliza ninyi wawili kwa pamoja, na sina namna ya kulieleza isipokuwa hivi: nilikuwa nimesikia nusu ya mazungumzo miezi yote ile na kuiita wimbo. Kwenye nafasi ya kwanza alikujibu. Kwenye ya pili alikujibu na kuongeza kitu chake, na wewe, ulivyorudi baada ya hapo, ni kama ulikuwa umekisikia. Najua haiwezekani. Ulikuwa umeshapiga. Lakini umerudi ukicheka.

Kwenye ya tatu aliinua mkono, akaulaza juu ya nyuzi, akaacha ipite. Jina likapita. Kisha mkaenda pamoja hadi mwisho.

Nusura nimwambie turudie. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Badala yake nikauliza, "Ya tatu ni ya nani, mzee?"

"Zamani nilikuwa naingia," akasema. "Lakini hapo hakuniita mimi."

Mama alikuwa mlangoni na birika, sijui tangu lini. Aliingia akamimina, akamwekea kikombe mbele. "Kunywa chai, shemeji," akasema. Mokua akanywa. Walizungumza habari za mvua, za bei ya ndizi, za nani amezeeka. Jina lako hawakulitaja, wala la Nyaboke, lakini Mama alikaa. Hakuondoka chumbani.

Alipokuwa anafunga gitaa lake kwenye shuka, mzee aliniambia, "Nyaboke hajawahi kuusikia huo wimbo mzima tangu alale pale. Uje uupige upande wa baba yako. Si kwa mashine. Kwa mkono."

"Lini, mzee?"

"Jumamosi."

Hakutabasamu. Ingeweza kuwa Jumapili, ingeweza kuwa Jumatano, yeye ni mzee hana kazi siku hizo. Alisema Jumamosi, na aliningoja nimjibu, nami nikasema nitampigia simu.

Wewe unajua ninafundisha watoto wa shule ya Sabato kila Jumamosi pale kanisani. Unajua ni nani atakayeona kiti changu kitupu na atamwambia nani. Wiki mbili nimejifunza upande wako nikikusikiliza, kidole kwa kidole, huku nikijiambia najifunza tu. Nimeona kwamba kidole chako kidogo hakikufika kwenye uzi wa mwisho, ulikuwa unadanganya hapo kwa kuteleza, nami nikateleza hivyo hivyo. Na kila nilipokuwa najifunza nilikuwa nauliza kama wewe mle ndani unanikataza au unanisukuma. Hukujibu. Ulivuta pumzi tu.

Juzi nikamwambia Mama. Nilitaka aniamulie.

"Mimi Jumamosi nitakuwa kanisani," alisema. "Na nitaulizwa uko wapi."

"Utasema nini?"

"Nitasema umekwenda mazishini."

Nikampigia Mokua simu.

Kesho ndiyo siku yenyewe, Baba. Sijui kama ni dhambi. Nimeomba, na baada ya kuomba bado sijui. Najua tu kwamba ulisimama kwenye ua ule mikono mitupu, na kwamba hukupata kuondoka pale, na mimi ndiye niliyeachwa nakusikia. Nisamehe kwa wiki niliyokuchukia. Nisamehe kwa kukukata mbele ya watu. Nami nimekusamehe ile njia ya Marani ambayo hukuitembea, nitaitembea mimi.

Nakuahidi hivi. Nitapiga upande wako hadi mwisho. Nafasi ya kwanza nitamwachia mzee, na ya pili nitamwachia. Ya tatu sijui kama ataingia au ataulaza mkono. Nitaondoa vidole kwenye nyuzi na kumsubiri, hata akichelewa.

Pumzika sasa, Baba. Kwaheri.

Binti yako,
Kwamboka